Chambo cha kumwaga: jinsi ya kuwaleta straipa wa Ziwa Powell chini ya mashua yako

Mara ya kwanza nilipokwenda kuvua samaki aitwaye straipa kwenye Ziwa Powell, Marekani, nilimaliza mfuko mzima wa samaki wadogo wa chambo, anchovi, kwa muda wa dakika kumi. Tulisimama chini ya ukuta wa mwamba mwekundu uliotupendeza macho, nikawa namwaga konzi baada ya konzi nikiamini kwamba harufu itakwenda mbali na samaki watakuja wenyewe. Siku nzima tulipata wawili. Mita mia mbili kutoka kwetu kulikuwa na mashua ya mzee mmoja na mjukuu wake. Walijaza sanduku lao la barafu kabla ya saa nne asubuhi, na tulipokutana gatini nikaona mfuko wao wa chambo ulikuwa bado zaidi ya nusu.

Nilimwendea yule mzee nikamwuliza. Jibu lake ndilo msingi wa mwongozo huu wote: chambo cha kumwaga hakimwiti samaki aliye mbali, kinamzuia aliye karibu asiende zake. Baharini mkondo hubeba harufu na mafuta ya chambo kwa masafa marefu, na samaki hufuata njia ile mpaka kwako. Ziwani hakuna mkondo wa kutegemea. Unachokitupa kinazama karibu pale pale ulipokitupa. Kama chini yako hakuna samaki, umelisha mchanga.

Kwa hiyo kazi ina sehemu mbili: kuwatafuta, halafu kuwashikilia. Wengi wetu tunaruka ya kwanza.

Samaki mwenyewe

Striped bass, ambaye wavuvi wa Marekani humwita straipa, ana mistari saba au minane myeusi inayotoka kwenye mashavu hadi mkiani. Kwa asili ni samaki wa pwani ya Atlantiki: anaishi baharini na kupanda mito kwenda kutaga. Jinsi alivyogeuka kuwa samaki wa maziwa ni hadithi ya mabwawa. Mwanzoni mwa miaka ya 1940 mradi wa Santee Cooper huko South Carolina ulitengeneza maziwa ya Marion na Moultrie, na straipa wakajikuta upande wa ndani. Baadaye ikagundulika kwamba hawakufa, bali wanakua na kuzaana bila kurudi baharini. Tangu hapo majimbo mengi yakaanza kuwapandikiza kwenye maziwa yao.

Ziwa Powell ni maji ya Mto Colorado yaliyozuiwa na Bwawa la Glen Canyon, ambalo lilianza kukusanya maji mwaka 1963. Sehemu kubwa ya ziwa iko Utah, na kipande cha kusini karibu na bwawa kiko Arizona. Straipa waliletwa hapa mwaka 1974. Wataalamu hawakutarajia kwamba wangezaana, kwa sababu mayai ya straipa huhitaji maji yanayotembea ili yaelee mpaka yaanguliwe. Wakazaana hata hivyo, tena kwa wingi mno, hadi wakawa wanamaliza samaki wadogo waitwao shadi ambao ndio chakula chao kikuu. Ndiyo maana hapa hakuna kikomo cha idadi ya straipa unaoruhusiwa kuwachukua kwa siku. Ukiwavua unalisaidia ziwa.

Kuna jambo moja la maumbile yao ambalo ukilielewa utajua mahali pa kuwatafuta. Straipa mkubwa hapendi maji ya moto. Joto la maji likipita nyuzi 25 za Selsiasi huanza kutaabika, ilhali wadogo huvumilia. Kiangazi shadi hukaa juu kwenye maji ya vuguvugu na wakubwa hubaki chini kwenye baridi, wakiwa na njaa, chakula kiko juu yao na hawawezi kukifuata kwa muda mrefu. Straipa wa namna hiyo, aliyekonda na anayesubiri chochote kinachoanguka kutoka juu, ndiye chambo chako kinamfaa kuliko wote.

Kabla ya kuondoka nyumbani

Soma kanuni za uvuvi za mwaka huo, za Utah na za Arizona, na uhakikishe leseni yako inahusu upande utakaovua. Usidhani kwamba kinachoruhusiwa Powell kinaruhusiwa kwingine. Majimbo mengi ya Marekani yanakataza kumwaga chambo kwenye maji baridi, au yanaruhusu aina fulani tu ya chambo, na katika jimbo hilo hilo ziwa moja linaweza kuwa na ruhusa na la jirani lisiwe nayo. Powell chambo cha kawaida ni anchovi waliokufa, wanaouzwa wakiwa wamegandishwa. Samaki hai kama chambo ni marufuku Utah, kwa hiyo kimia chako kiache nyumbani. Mahindi ya kopo, chakula cha paka na mengineyo utakayosikia watu wakiyasifia kwenye maziwa mengine, yaache pia.

Angalia vilevile kiwango cha maji. Ukame ulilishusha ziwa hili hadi mwaka 2023 likafikia kiwango cha chini kabisa tangu miaka ya 1960 lilipokuwa bado linajazwa, na baadhi ya sehemu za kushushia mashua zikafungwa. Nimewaona watu waliosafiri saa tano na trela nyuma wakakuta zege limeishia juu ya matope.

Kuandaa anchovi

Anchovi ni jamaa wa karibu wa dagaa mcheli anayevuliwa Zanzibar: mwembamba, wa rangi ya fedha, mwenye mafuta mengi. Mafuta hayo ndiyo unayoyalipia. Kwa watu watatu asubuhi moja, kilo moja na nusu inatosha kabisa. Chukua kilo mbili ukiwa na wageni.

Usiku wa kuamkia safari, toa nusu yao kwenye friza, wapange kwenye chombo kipana, uwanyunyizie chumvi ya mawe. Chumvi hunyonya maji na kukaza nyama, na kipande kilichokazwa kinakaa kwenye ndoana. Anchovi aliyeyeyuka bila chumvi anakuwa uji; ukirusha mshipi yeye anakwenda kushoto na ndoana kulia. Hao wa chumvi ni wa ndoana. Nusu nyingine iache bila chumvi kwa ajili ya kumwaga, maana hapo unataka walegee na kutoa mafuta haraka.

Wa kumwaga wakate vipande vitatu au vinne kila mmoja, vya ukubwa wa ncha ya kidole gumba. Usiwasage. Uji hufanya wingu zuri juu ya maji, lakini haushuki mpaka walipo samaki, na ukishuka unawashibisha samaki wadogo wa njiani. Kipande kinazama, kinametameta kikigeuka, na straipa anakiona kabla hajakinusa. Vyote viweke kwenye barafu, kivulini. Jua la jangwa lile linaoza chambo kabla hujamaliza chai.

Vifaa vingine si vya gharama. Fimbo ya uzito wa kati, mshipi wa ratili 10 hadi 12, na ndoana za duara za namba 1/0 au 2/0. Badala ya ndoana tupu na chubwi, wengi hutumia ndoana yenye kichwa cha risasi cha gramu 7 hadi 14, nami naipenda hiyo kwa sababu kuna fundo moja tu la kufunga. Mbali na hayo unahitaji mashine ya sona, inayokuonyesha kwa mawimbi ya sauti samaki walio chini ya mashua. Bila sona utafanya nilichofanya siku ile.

Hatua ya kwanza: tafuta, usimwage

Anza alfajiri. Pita polepole kando ya kuta za korongo, kwenye ncha za miamba zinazoingia majini, na mdomoni mwa makorongo ya pembeni pale yanapokutana na njia ya mto wa zamani. Upande wa kusini, maeneo ambayo wavuvi wameyategemea miaka mingi ni ukuta ulio karibu na bwawa, Navajo Canyon, Warm Creek, na mahali palipokuwa na mabomba ya kunyonyea maji ya mtambo wa umeme wa Navajo, uliofungwa mwaka 2019. Upande wa kaskazini, Moqui Canyon.

Kwenye sona usitafute samaki mmoja mmoja. Tafuta kundi: alama nyingi zilizobanana, mara nyingi kati ya futi 30 na 100, zikiwa zimening'inia katikati ya maji au zimeegemea ukuta. Ukiona alama mbili tatu, endelea na safari. Mimi hujipa hadi saa moja na nusu ya kuzunguka bila kutupa kitu chochote majini. Walio nawe watalalamika. Wavumilie tu.

Hatua ya pili: simama juu yao

Ukipata kundi, litie alama kwenye ramani ya sona, halafu angalia upepo. Nanga kwenye kuta hizi ni shida kwa sababu kina kinaweza kufika futi 200 hatua chache kutoka kwenye mwamba. Kama una mota ya umeme inayoshikilia mahali kwa setilaiti, hapo ndipo inaponunulika. Kama huna, tafuta ncha yenye kina cha futi 30 hadi 60, ushushe nanga upande unaotoka upepo, na uachie kamba mpaka mashua ilale juu ya alama zako.

Kosa dogo hapa linaharibu kila kitu. Mashua ikiyumba mita kumi na tano huku na huku, chambo kinaanguka mahali kumi tofauti, na kundi litatawanyika kukifuata. Shusha nanga ya pili nyuma ikibidi.

Hatua ya tatu: konzi ya kwanza

Tupa vipande kumi hadi kumi na tano kwa mara moja, vyote upande mmoja wa mashua, ambao ndio mtakaovulia. Maji ya Powell ni maangavu, viangalie vikizama. Kama vinasogea kuelekea nyuma ya mashua, kuna msogeo wa maji, basi siku hiyo tupa mbele kidogo ili vipite walipo samaki.

Kisha tulia dakika tatu, macho kwenye sona. Kundi lenye njaa utaliona linapanda: alama zilizokuwa futi 70 zinakuja 60, kisha 50. Likibaki lilivyo, tupa konzi nyingine ndogo. Baada ya konzi ya tatu bila mwitikio, ng'oa nanga. Hawa hawali sasa, au si straipa. Wavuvi wengi hukwama hapa kwa sababu wameshatumia chambo na wanaona uchungu kukiacha. Uchungu huo utakula asubuhi yako yote.

Hatua ya nne: ndoana ishuke kama kipande

Kata anchovi wa chumvi katikati, ingiza ndoana kwenye nyama ngumu, itoke upande wa pili na ncha ibaki wazi. Ishushe ndoana bila kuizuia, mshipi ukiwa mlegevu, ili ianguke kama vile vipande vya bure. Straipa wengi huchukua chambo kikiwa bado kinazama. Utaona tu mshipi umeacha kwenda, au umeanza kwenda pembeni. Kwa ndoana ya duara usivute kwa nguvu. Zungusha tu polepole mpaka fimbo ipinde, ndoana itajishika yenyewe pembeni mwa mdomo.

Kina kipime kwa pima, kama wazee wetu wanavyopima kamba za nyavu. Pima moja, mikono miwili iliyonyooshwa, ni karibu futi sita. Kundi liko futi 60? Toa mshipi pima tisa, si kumi. Straipa huangalia juu anapokula, na chambo kilicho chini yake ni kama hakipo. Ukipata samaki, kumbuka hesabu ile na uwatangazie wenzako. Wote washushe pima hizo hizo.

Hatua ya tano: dondosha, usimwage

Sasa umefika kwenye ufundi wenyewe. Tangu samaki wa kwanza anapojishika, kila dakika mbili au tatu tupa vipande vitatu au vinne. Basi. Unataka kila straipa chini yako aamini kwamba kipande kingine kinakuja sasa hivi, na asikipate. Wakishiba wanaondoka, wakikosa tumaini wanaondoka, na nafasi kati ya hayo mawili ni finyu.

Mpe mtu mmoja kazi hii na asiifanye mwingine. Kwenye mashua yetu huwa ni mtoto mdogo kuliko wote, na anajivunia kuliko tunaoshika fimbo. Watu wawili wakitupa bila kuambizana, kiwango kinakuwa mara mbili na hakuna anayejua kwa nini samaki wameacha kula.

Samaki mmoja anapopandishwa, mara nyingi wenzake humfuata mpaka juu, wakigombania vipande anavyotapika. Wakati huo mwenzako awe na ndoana majini tayari. Mkiweza kuhakikisha daima kuna ndoana moja yenye samaki na nyingine inayoshuka, kundi linaweza kukaa nanyi saa nzima au zaidi. Nimeona likipanda kutoka futi 80 hadi tukawa tunawaona kwa macho, vivuli vya kijani vinavyozunguka chini ya mashua.

Samaki wakianza kupungua, usiongeze chambo kwanza. Angalia sona. Kama wameshuka, shusha ndoana kuwafuata. Kama hawapo kabisa, ndipo konzi kubwa moja, dakika tano, na kama kimya, safari.

Usiku, na taa

Kwa aliyekulia Kigoma hili halihitaji maelezo. Kwenye Ziwa Tanganyika karabai inawashwa, dagaa wanakuja kwenye mwanga, na migebuka wanakuja nyuma ya dagaa. Powell ni mpango huo huo: taa ya kijani inatumbukizwa majini, wadudu wadogo wa majini wanakusanyika, shadi wanafuata wadudu, straipa wanafuata shadi. Giza lisilo na mbalamwezi ni bora, kama nyumbani.

Nanga yako iwe kwenye futi 30 hadi 50, ndani ya ghuba tulivu, na ufike kabla jua halijazama ili uione miamba. Subiri taa ifanye kazi yake, saa moja hata mbili, ndipo udondoshe vipande viwili vitatu kwa wakati. Usiku punguza chambo hadi nusu ya mchana, kwani taa imeshachukua nafasi ya konzi ya kwanza. Kila mtu avae jaketi la kuokolea, na asiwepo anayetembea hovyo kwenye ukingo. Kiangazi tazama pia mawingu ya mchana: dhoruba za jangwa huja ghafla, na mawimbi hugonga kuta na kurudi.

Majira

Aprili na Mei, kabla ya kutaga, makundi makubwa hukaa kwenye korongo kuu na karibu na bwawa, na hapo chambo cha kumwaga hufanya kazi kuliko wakati wowote. Juni hadi Septemba wadogo hupanda juu kufukuza shadi na maji huchemka kwa samaki. Siku hizo tumia chambo bandia kwa hao wa juu, na anchovi kwa wakubwa walioko chini. Majira ya baridi wanashuka mno na kula polepole. Mimi sendi.

Ukishawapata

Straipa aliyetolewa kwenye kina kirefu wakati wa joto na kurudishwa majini kwa kawaida hufa, hata akionekana ameogelea vizuri. Kwa hiyo usivue kwa kuhesabu sifa. Amueni mapema mnaweza kusafisha na kula wangapi, na mkifika hapo mwache kushusha ndoana. Kuacha samaki waharibike ni kosa kisheria, achilia mbali aibu.

Mara tu anapoingia, mkate matamvua damu itoke, umtie kwenye barafu yenye maji. Nyumbani toa minofu, chuna ngozi, kisha ondoa ule utepe wa nyama nyekundu ulio upande wa ngozi, maana ndio wenye ladha kali. Kinachobaki ni nyeupe na ngumu kiasi, haivunjiki kwenye mchuzi, na kwa samaki wa kupaka sijaona wa maji baridi Marekani anayeishinda. Utah imetoa tahadhari ya zebaki kwa straipa wa sehemu ya chini ya ziwa, upande wa bwawa. Wajawazito na watoto wale kwa kiasi kilichoandikwa kwenye tahadhari hiyo, na kwa wote samaki wadogo ni salama kuliko wakubwa.

Anchovi waliobaki usiwarudishe kwenye friza wakiwa wameloa. Waongezee chumvi, uwafunge vizuri kwenye jokofu, watakufaa kwa ndoana wiki ijayo.

La mwisho lifanyike kabla hujaondoka gatini. Ziwa hili lina kome wa kigeni waitwao kwaga, wanaojibandika kwenye mashua na kuziba mabomba, na ziwa likishaambukizwa halisafishiki tena. Fungua vizibo vyote, mwaga maji ya ndani ya mashua na ya mota, futa matope kwenye nanga na kamba zake, kisha iache mashua ikauke kwa muda unaotakiwa kabla ya kuipeleka maji mengine. Kamba ya nanga ndiyo watu huisahau. Ikunjue yote juani.